Usimamizi wa Usafiri wa Ndege: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa Karo

Kozi ya usimamizi wa usafiri wa ndege huwavutia vijana wengi wanaomaliza kidato cha nne, lakini pia ni miongoni mwa kozi zinazoeleweka vibaya. Wapo wanaojiunga wakidhani watahitimu wakiwa marubani. Kwa familia ya Kilifi iliyouza mbuzi au kipande cha shamba ili kupata karo, kosa kama hilo ni ghali na si rahisi kulirekebisha.

Kozi hii inafundisha nini?

Shahada hii, ambayo kwa kawaida huchukua miaka minne, humtayarisha mwanafunzi kusimamia biashara na shughuli za ndege. Husoma uchumi na uhasibu wa mashirika ya ndege, sheria za anga, usalama, upangaji wa ratiba, usafirishaji wa mizigo na uendeshaji wa viwanja vya ndege.

Uwanja wa ndege wa Malindi ni mfano wa karibu. Ndege kubwa haiwezi kutua mahali ambapo njia ya kurukia ni fupi. Kuirefusha kunahitaji ardhi, fidia kwa wenye mashamba, fedha na hakika kwamba abiria watakuwepo. Kupima mambo hayo yote kwa pamoja ndiyo kazi ya msimamizi.

Kozi hii haitoi nini?

Shahada hii haimpi mtu leseni ya urubani, ya ufundi wa ndege wala ya kuongoza ndege kutoka kwenye mnara. Leseni hizo hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Nchini (KCAA), baada ya mafunzo maalumu na mitihani. Marubani na waongozaji wa ndege pia huhitaji cheti cha afya. Kijana anayetaka kurusha ndege atafute shule ya urubani iliyoidhinishwa na KCAA.

Kazi zipo wapi?

Mwajiri si shirika la ndege pekee. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege (KAA) husimamia viwanja kama vile Malindi na Moi kule Mombasa, nayo KCAA husimamia usalama wa anga. Zipo pia kampuni za kuhudumia ndege na abiria zikiwa chini, na za kusafirisha maua, mboga na samaki kwenda ng'ambo. Jijini Nairobi kuna makao makuu ya Muungano wa Mashirika ya Ndege ya Afrika (AFRAA) na ofisi ya kanda ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO).

Hata hivyo, sekta hii hutikisika haraka. Mnamo Machi 2020, kutokana na Korona, safari za abiria za kimataifa zilisimamishwa nchini. Safari za ndani zilirejea Julai 15, na za kimataifa Agosti 1. Ndege za mizigo ziliendelea kuruka. Ndiyo maana mwanafunzi anayejifunza pia mambo ya mizigo na uhasibu huwa na mlango mwingine wa kubisha, ikiwemo bandarini, kwenye reli na hotelini.

Vyeti vifupi pia husaidia. Anayeshughulikia mizigo hatari kwa ndege, kwa mfano, hupaswa kuwa na mafunzo yake na kuyarudia kila baada ya miezi 24.

Hatua za kufuata

1. Angalia alama. Shahada huhitaji angalau C+ katika KCSE, na diploma C-. Kozi nyingine huweka masharti zaidi kuhusu masomo kama hisabati na Kiingereza. Masharti ya kila kozi yamo katika tovuti ya KUCCPS.

2. Hakikisha kozi inatambulika. Shahada huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE), vyuo vya diploma na cheti husajiliwa na TVETA, na mafunzo ya leseni huidhinishwa na KCAA. Kipeperushi chenye picha ya ndege si uthibitisho. Omba nambari ya usajili, kisha uithibitishe kwa taasisi inayohusika kabla ya kulipa chochote.

3. Uliza kuhusu mafunzo ya kazini. Je, chuo humsaidia mwanafunzi kupata nafasi katika uwanja wa ndege au kampuni, au huachiwa ajitafutie?

4. Piga hesabu ya gharama yote: karo, malazi, nauli na mitihani ya nje.

5. Omba ufadhili mapema. Kupata nafasi chuoni hakumaanishi kwamba mkopo umepatikana. Mwanafunzi hutuma maombi yake mwenyewe. Kuhusu basari, waulize maafisa wa wadi yako.

Aliyekosa C+ hajafungiwa njia. Anaweza kuanza na diploma, afanye kazi, kisha aendelee hadi shahada. Chuo cha mafunzo cha KCAA kilichoko Embakasi, Nairobi, hufundisha kozi mbalimbali za sekta hii.

Wakazi wakumbuke kwamba viwanja vya ndege na vyuo vikuu viko chini ya Serikali ya Kitaifa. Kaunti haiajiri wafanyakazi wa uwanja wa Malindi, wala haiuzi nafasi za kazi humo. Anayeitisha pesa kwa ahadi ya kazi hiyo aripotiwe katika kituo cha polisi kilicho karibu.