Mabaka ya Usoni (Sehemu ya Pili): Dawa Yenye Tarehe ya Kuachwa

Juma lililopita nilieleza jinsi mabaka ya melasma yanavyozaliwa. Kwa aliyekosa toleo lile: ni mabaka ya kahawia yanayojipanga pande mbili za uso kana kwamba yamepimwa kwa uzi, mashavuni, kwenye paji, juu ya mdomo, na huletwa na urithi, homoni na mwanga vikishirikiana. Hayaumi wala hayaambukizi. Leo nageukia matibabu, na naanzia mezani kwangu kliniki.

Asubuhi moja aliingia mama lishe mmoja wa miaka hamsini na kitu, amejitanda kanga mpaka chini ya macho. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha kabla sijauliza kitu akafungua mkoba na kuanza kupanga vitu mezani, kimoja kimoja, kama anayepanga nyanya kwa mafungu. Mrija wa dawa ya fangasi iliyochanganywa na steroidi. Kipande cha sabuni. Mrija mwingine uliokunjwa mpaka shingoni. Mwisho akatoa kopo la plastiki lisilo na jina, ndani yake mafuta mazito ya rangi ya mtindi, yaliyochotwa dukani kwa kijiko na kuuzwa kwa kupimwa. Mkorogo.

"Hili ndilo lililonisaidia," alisema. "Wiki ya pili tu watu wakaniuliza kama nina harusi."

"Umelipaka muda gani, mama?"

"Mwaka wa tatu huu. Nikiacha siku tatu uso unawaka moto, natoka vipele, na weusi unarudi umezidi. Ndiyo nikaona niendelee."

Akashusha kanga. Mabaka aliyoanza nayo baada ya mtoto wake wa mwisho yalikuwa ya kahawia; hivyo ndivyo alivyonieleza na ndivyo picha ya zamani kwenye simu yake ilivyoonyesha. Nililoliona mimi lilikuwa jambo jingine. Juu ya mifupa ya mashavu ngozi ilikuwa na rangi ya wino, nyeusi inayoelekea bluu, na ukiisogelea ulionekana utitiri wa vichembe vigumu mfano wa punje za ulezi. Vifundo vya vidole vilikuwa vimebaki vyeusi, vile vinavyoitwa mitaani "sugu", huku viganja na mikono vimekoboka. Mishipa midogo myekundu ilikuwa imechomoza puani. Melasma yake ilikuwa imezikwa chini ya maradhi mapya ambayo kopo lile lilimletea.

Weusi ule wa wino unaitwa okronosisi. Huwapata watu waliopaka haidrokwinoni kwa muda mrefu, na uchungu wake ni kwamba mgonjwa akiuona hudhani ni mabaka yake ya awali yamekaidi, akaongeza dawa ileile inayomdhuru. Rangi hiyo hukaa chini, kwenye tabaka la ndani la ngozi, mahali ambapo krimu nyingi hazifiki. Kuipunguza ni kazi ya miaka, na mara nyingi haiishi.

Hapo msomaji atauliza: je, haidrokwinoni si ndiyo dawa ambayo madaktari wenyewe huandika? Ndiyo. Na swali hilo ndilo kiini cha makala ya leo.

Mwaka 1975 madaktari wawili wa Marekani, Albert Kligman na Isaac Willis, walichapisha kanuni ya mchanganyiko wa kupunguza rangi ya ngozi: haidrokwinoni asilimia 5, tretinoini asilimia 0.1 na deksamethasoni asilimia 0.1. Kila moja ina kazi yake. Haidrokwinoni hukizuia kimeng'enya cha tirosinesi, kile kinachowezesha chembe za rangi kutengeneza melanini. Tretinoini, ambayo ni ya ukoo wa vitamini A, huharakisha ngozi ya juu kupukutika na kusaidia dawa kupenya. Deksamethasoni ni steroidi. Ipo hapo kutuliza mwasho unaoletwa na hizo mbili. Hadi leo matibabu makuu ya melasma ni mtoto au mjukuu wa kanuni hiyo.

Mwaka huohuo, Afrika Kusini, G. H. Findlay na wenzake walichapisha maelezo ya wagonjwa walioharibika nyuso kwa krimu za haidrokwinoni zilizouzwa madukani kama vipodozi. Ilikuwa mara ya kwanza okronosisi ya kutokana na krimu hizo kuelezwa. Walioathirika zaidi nchini humo walikuwa wanawake Waafrika, na mapema miaka ya 1990 Afrika Kusini ikapiga marufuku vipodozi hivyo.

Mwaka mmoja, kemikali moja, habari mbili. Tofauti haikuwa kwenye kopo peke yake. Kligman na Willis walizungumzia dawa ya muda, chini ya jicho la daktari. Wanawake wa Afrika Kusini waliuziwa kitu cha kupaka uso mzima, kila siku, mwaka baada ya mwaka, juani, bila mtu wa kuwaambia waache lini. Ndiyo maana mimi ninapoandika haidrokwinoni, tarehe ya kuiacha huitangulia dawa yenyewe kwenye karatasi.

Mchanganyiko unaotumika zaidi sasa ni wa haidrokwinoni asilimia 4, tretinoini asilimia 0.05 na steroidi nyepesi ya fluosinoloni asilimia 0.01. Marekani iliuidhinisha mwaka 2002, kwa matumizi ya wiki nane. Hupakwa usiku tu, kwenye baka lenyewe na ukingo wake mwembamba, tabaka jembamba lisiloacha weupe. Usitegemee kuona kitu siku ya kumi. Chembe ya ngozi huchukua takriban mwezi kupanda kutoka chini mpaka juu inakopukutika, na chembe moja ya rangi hugawia melanini chembe jirani zipatazo 36, kwa hiyo mabadiliko ya kweli huonekana kati ya wiki ya nne na ya nane. Kinachong'arisha uso mzima ndani ya siku saba kichunguzwe: mara nyingi ni steroidi kali, au zebaki.

Ule moto aliousema mama lishe, wa kuacha siku tatu uso ukawaka, ni alama ya steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni. Mishipa ya ngozi huizoea. Ikiikosa, hupanuka ghafla na uso ukafura. Mgonjwa huona kama dawa ilikuwa inamkinga, kumbe anapitia kipindi cha kuachana nayo. Kipindi hicho hupita. Kwa wengi huchukua wiki kadhaa, kwa wengine miezi, na daktari anaweza kumshusha taratibu kwa steroidi hafifu ili asiteseke. Ningependa kila binti anayetumia krimu za aina hiyo alijue hili kabla hajakata tamaa siku ya tatu. Na kama anajipaka mwili mzima, awaambie madaktari wake ukweli akienda kujifungua, maana ngozi iliyokondeshwa na steroidi hushonwa kwa shida na kupona polepole.

Kuhusu zebaki nitakuwa mfupi kwa sababu haina mjadala. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza kuhusu wagonjwa 60 wenye maradhi ya figo yanayovuja protini na kuvimbisha mwili. Zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Figo zilikuwa zinalipia uso. Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, umezifungia njia krimu hizo duniani, na Tanzania hairuhusu zebaki, haidrokwinoni wala steroidi katika vipodozi. Bado zinapita mipakani. Kwa hiyo krimu isiyo na orodha ya viambato haifai kupakwa usoni, hata ukipewa na dada yako wa damu.

Sasa nije kwenye kinga dhidi ya mwanga, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nusu ya matibabu, na ndiyo nusu inayopuuzwa. Wengi tunaambiana kwamba mtu mweusi hahitaji kujikinga na jua. Kwa saratani ya ngozi melanini hutukinga sana, ni kweli. Kwa melasma mambo yamegeuka. Mwaka 2010 watafiti wa Detroit, Marekani, walimulika ngozi za watu wa rangi mbalimbali kwa mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, bila miale ya urujuanimno. Ngozi nyeupe haikubadilika. Ngozi za rangi ya kahawia na nyeusi ziliiva weusi uliodumu. Hii ina maana kwamba abiria anayekaa dirishani kwenye daladala, kioo kimefungwa, bado anapikwa mabaka yake, maana kioo hupitisha mwanga huo karibu wote. Ina maana pia kwamba krimu nyingi za kujikinga na jua, zile zisizo na rangi, zinamsaidia nusu tu, kwa kuwa zimetengenezwa kuzuia miale isiyoonekana.

Kinachozuia mwanga unaoonekana ni kitu kinachouziba: oksidi ya chuma, nduguye kutu, ileile inayoupa udongo mwekundu rangi yake. Huwekwa kwenye krimu za jua zenye rangi ya ngozi, na ipo katika vipodozi vingi vya rangi ya ngozi ambavyo wanawake hupaka kabla ya poda. Mwaka 2014 watafiti wa Mexico waligawa wagonjwa wa melasma makundi mawili, wote wakapaka haidrokwinoni asilimia 4 kwa wiki nane. Waliopewa krimu ya jua yenye oksidi ya chuma walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa ya kawaida. Dawa ileile, kivuli tofauti. Hapo huwa nawakumbuka wanawake wa Komoro wanaotembea mchana wamejipaka msindzano, ule ujiuji wa msandali uliosagwa juu ya jiwe, umekauka usoni kama ukuta mwembamba. Siwezi kuuita dawa ya melasma, ila wazo la kuuwekea uso pazia ninaliheshimu sana. Mtandio, kofia ya ukili yenye ukingo mpana na mwavuli vina kazi hiyohiyo, na havihitaji kupakwa upya kila baada ya saa mbili.

Joto nalo linachochea. Mama lishe huinama juu ya jiko la mkaa tangu alfajiri, uso ukitazama moto. Nilimwambia jiko lipandishwe juu ya meza na asimame pembeni yake, upande ambao upepo haumletei joto. Alicheka, akasema hajawahi kuandikiwa meza hospitalini.

Zipo dawa nyingine za kushika zamu haidrokwinoni inapopumzishwa. Ninayoipenda ni asidi ya azelaiki, asilimia 15 hadi 20. Asili yake inavutia: wanasayansi waliifikia kwa kuchunguza fangasi wale wanaoacha mabaka mepesi mgongoni na kifuani, wakitaka kujua rangi inakwenda wapi. Huwasha kidogo siku za mwanzo, huenda polepole, haileti okronosisi, na mjamzito anaweza kuitumia, wakati haidrokwinoni na tretinoini hatumpi. Hata hivyo, mjamzito mara nyingi hahitaji zaidi ya kivuli na subira, kwa kuwa mabaka ya mimba hufifia kwa wengi ndani ya mwaka baada ya kujifungua.

Vidonge vya asidi ya traneksamiki vinasifiwa siku hizi. Wakunga wanaifahamu, ndiyo inayookoa mama anayetokwa damu nyingi baada ya kuzaa. Kwa kipimo kidogo hupunguza melasma iliyokaidi, lakini ni dawa inayozuia damu iliyoganda kuyeyuka. Aliyewahi kuganda damu mguuni asiiguse, na anayetumia vidonge vya majira vyenye estrojeni amwambie daktari kwanza. Isinunuliwe kwa kuonyesha picha dukani. Leza naiweka mwisho kabisa: kwenye ngozi zetu imewarudisha wengi wakiwa weusi kuliko walivyokwenda.

Juma lijalo nitaeleza madoa yanayoachwa na chunusi na majeraha ya moto, ambayo matibabu yake yanaanzia kwingine. Anayekusudia kwenda kliniki kabla ya hapo asitupe makopo yake wala mirija mitupu. Ayabebe yote kama yalivyo, na picha moja ya uso wake wa zamani.