Chapa za Wanyama Mbioni: Thamani i Wapi?

Mwaka 1949 kijana mmoja wa Kiingereza, David Shepherd, alikuja Kenya akitaka kuwa Bwana Nyama. Akakataliwa. Akateremka Malindi, akapata kazi ya mapokezi hotelini, na nauli ya kurejea kwao akaipata kwa kuuza picha za ndege alizochora kwa mkono wake.

Alirudi tena mwaka 1960, safari hii akichukuliwa na jeshi la anga la Uingereza. Ndipo alipochora picha yake ya kwanza ya mnyama wa porini: kifaru akikimbiza ndege uwanjani. Tangu hapo, hadi alipofariki mwaka 2017, jina lake likawa moja na ndovu, simba na chui milia.

Picha ya rangi ni moja tu, na mwenye nayo ni mmoja. Wengine hununua chapa yake. Chapa nazo si sawa. Picha yake ya ndovu mzee, iliyotolewa miaka ya 1960, ilichapwa kwa wingi ikauzwa madukani kwa bei rahisi. Lakini mwaka 1973 alitoa chapa 850 tu za picha ya chui milia, "Tiger Fire", kila moja pauni 150. Zikapatikana pauni 127,500 za kuwahifadhi chui milia wa Bara Hindi.

Basi msomaji atauliza: karatasi ni karatasi, tofauti iko wapi? Tofauti ni ahadi. Msanii huandika kwa penseli, mathalani, 12/850, akatia sahihi. Maana yake ni kwamba hii ni ya kumi na mbili, na baada ya 850 hapana nyingine. Akichapa ya 851 kwa siri, amewadhulumu wote 850. Ahadi ni deni.

Lakini uchache peke yake hauleti bei. Chapa nyingi za namna hii zilizonunuliwa ghali miaka ya 1970 na 1980 leo huuzwa mnadani kwa bei ndogo, kwani wauzaji ni wengi na wanunuzi ni haba. Chapa aliyoichonga msanii mwenyewe juu ya ubao au bamba huthaminiwa kuliko ile iliyopigwa picha ikachapwa kwa mashine. Mnunuzi mwerevu huitoa kwenye fremu: atazame kama sahihi ni ya penseli kweli, kama pambizo hazikukatwa, kama jua halikufifiza rangi. Kwetu pwani adui mkubwa ni unyevunyevu. Karatasi huota madoa ya kahawia, na thamani ikaanguka.

Liko jambo jingine. Nyumba zetu nyingi zimepambwa kwa aya na picha ya Al-Kaaba, na sura za viumbe wenye roho zina mjadala wake. Ukurasa huu hautoi fatwa. Mwenye shaka amuulize sheikh wake. Lakini katika kuuza hapana hitilafu: aibu ya bidhaa haifichwi. Mwenye chapa yenye doa aseme ina doa, na yenye sahihi ya mashine aseme ni ya mashine.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayenunua akitarajia utajiri huenda akajuta. Anayenunua kwa kupendezwa na mbio za mnyama, faida yake ameipata siku ile ile.