Safari ya Pemba yapangwa Kakamega

Mtajie Mpemba mchezo wa ng'ombe, mawazo yake yatakwenda Kengeja. Utaje Kakamega, utaelekezwa Khayega au Shinyalu, ambako Waisukha na Waidakho hupambanisha fahali wawili asubuhi huku ngoma ya isukuti ikirindima. Kwa hiyo sikustaajabu, nilipokuwa mjini Kakamega, kukuta kikundi cha wazee na vijana wakichangishana fedha waende Pemba kuuona mchezo wa wenzao.

Nilialikwa kikaoni kwa kuwa mimi ni mtu wa pwani, nikadhaniwa nayajua yote ya ng'ambo ya bahari. Swali la kwanza lilikuwa tarehe, na hapo ndipo penye kazi. Mchezo wa Pemba, ambao wengi husadiki ni athari ya Wareno, haumo katika kalenda ya ukutani. Hufuata msimu wa mashamba, na wenye ng'ombe hupatana wenyewe. Hukati tiketi za watu ishirini kwa kubahatisha.

Vijana wakaleta shauri ambalo naliona la busara. Safari ifungwe kwenye jambo lenye tarehe, yaani Kombe la Mapinduzi, linalochezwa Januari kuadhimisha Mapinduzi ya 1964. Mwaka 2025 lilichezewa Gombani, Pemba, kwa timu za taifa, Kenya ikiwamo, na Zanzibar ikalitwaa kwa kuilaza Burkina Faso 2-1. Mpira uwe nguzo, ng'ombe wawe bahati.

Mweka hazina, mama wa makamo, akapinga.

"Januari ni karo za shule, wanangu. Nauli atatoa nani?"

Yeye alipendelea Julai, wakati wa Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambao hufuata mwaka wa jua. Mzee mmoja kutoka Mumias, mji uliopokea Uislamu kwa misafara ya pwani katika karne ya 19, akatikisa kichwa. Kuchoma kibanda na kupigana kwa migomba ni desturi ya Nairuzi, alisema, isije ikadhaniwa sikukuu ya dini. Hata fahali wa nyumbani hawapendi, kwani hadithi imekataza kugombanisha wanyama. Wa Pemba aliwaridhia, maana ng'ombe hufungwa kamba, hucheza na mtu, wala hauawi. Mimi naiona tofauti hiyo ni ndogo kuliko anavyoipenda mzee, kwani ng'ombe wa Pemba naye huchokozwa mpaka apandwe na hasira.

Lakini ni yeye aliyekumbusha neno lililonyamazisha kikao. Mwaka wa mwezi mwandamo hupungukiwa na wa jua kwa siku 10 au 11, na Ramadhani ya 2030 inatarajiwa kuandama wiki ya kwanza ya Januari. Wakichanga kwa kusuasua mpaka wakati huo, kombe litawakuta wamefunga, safarini, na futari ya ugenini.

Basi wakakata shauri: Januari 2028, na michango iishe Oktoba kabla ya karo kugonga mlango. Kila mtu ashughulikie pasi yake mapema. Njia ni ndefu, zaidi ya kilomita 800 hadi Mombasa, kisha mpaka wa Lunga Lunga, Tanga na Dar es Salaam, ndipo meli ya Unguja na ya Mkoani. Wasikate tiketi ya meli kabla ya kutangazwa kiwanja, maana kombe huchezwa Unguja pia. Mama alipofungua daftari, mzee wa Mumias alikuwa wa kwanza kutoa, shilingi 500.