Fundi Apime Kabla ya Kubadilisha Kipuri

Ni jambo la kusikitisha kwamba katika gereji zetu nyingi, taa ya injini iwakapo, fundi husoma nambari ya hitilafu kwa mashine, kisha papo hapo humwagiza mwenye gari anunue kihisi kipya. Kipuri hutiwa, pesa hulipwa, na baada ya siku mbili taa huwaka tena. Kwa maoni yangu, kilichokosekana hapo si kipuri bali ni kipimo.

Tutwae mfano wa kihisi cha joto la maji ya injini. Kompyuta ya gari hukipelekea volti 5 kupitia kikinzani kilichomo ndani yake. Maji yakiwa baridi, ukinzani wa kihisi huwa mkubwa na volti huwa juu. Yapatapo moto, vyote viwili hushuka. Basi nambari P0118 hueleza tu kwamba volti zimezidi kiasi. Haisemi kwamba kihisi kimekufa. Waya uliokatika au kiungio kilichoshika kutu huweza kuleta ishara iyo hiyo.

Njia ya kubainisha ukweli ni nyepesi. Chomoa kiungio cha kihisi, fungua swichi bila ya kuwasha injini, kisha pima kati ya waya wa ishara na upande hasi wa betri. Voltimita ikionyesha takriban volti 5, waya huo ni salama. Isipoonyesha kitu, waya umekatika au umegusana na bodi, ama kompyuta yenyewe ina kasoro. Halafu pima kati ya nyaya mbili za kiungio. Volti 5 zikikosekana hapo, waya wa kurudishia umeme ndio wenye ila. Nyaya zote zikiwa timamu, ndipo kihisi kishukiwe. Na hata hivyo ukinzani wake upimwe kwanza.

Haya yote ni Sheria ya Ohm, iliyochapishwa mwaka 1827 na kufundishwa katika shule zetu za upili. Kwa nini basi iishie ubaoni? Nawasihi walimu wa fizikia waombe kihisi kikuukuu gerejini, wakitumbukize ncha yake katika maji yanayopashwa moto, na wanafunzi wachore grafu ya ukinzani dhidi ya joto. Kijana aliyeuona ukinzani ukishuka mbele ya macho yake hatakuwa fundi wa kubahatisha kwa pesa za wenzake.