SHAHIDI SI KANDA YA KUNASIA SAUTI

Je, msomaji, unakumbuka ulikula nini Jumanne moja miezi minane iliyopita? Basi hebu jiweke mahali pa mwenye duka wa Kakuma aliyeibiwa simu usiku. Leo yuko kizimbani, anaulizwa: zilikuwa ngapi, na nambari zake ni zipi? Akikosea tarakimu moja tu, wakili wa mshtakiwa atamwita mwongo.

Huko Turkana hili si jambo dogo. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na kwa muda mrefu hakimu alikuwa akisafiri kutoka Lodwar, kilomita 120 hivi, kwenda kusikiza kesi huko. Kesi ikiahirishwa shahidi husubiri, lakini kumbukumbu haisubiri.

Wengi hudhani kutazama karatasi mbele ya hakimu ni sawa na kuibia mtihani. Sivyo! Kifungu cha 167 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinamruhusu shahidi kujikumbusha kwa maandishi aliyoandika mwenyewe wakati wa tukio, au punde baadaye, mambo yakiwa bado mabichi akilini. Hata yaliyoandikwa na mwingine yanafaa, mradi shahidi aliyasoma wakati huo akajua ni sahihi.

Na je, askari aliyeandika mamia ya ripoti? Kifungu cha 168 kinamkubalia aeleze yaliyomo hata kama tukio lenyewe limemtoka, ikiwa ana hakika liliandikwa sawasawa.

Mshtakiwa naye hakusahauliwa. Chini ya kifungu cha 169, upande wake ukitaka kuiona karatasi hiyo, lazima uonyeshwe, na unaweza kumhoji shahidi juu yake. Hivyo karatasi iliyopikwa jana yake itaumbuka.

Anayeumia zaidi ni mfugaji asiyejua kusoma. Karatasi atakayopewa kizimbani haitamwambia kitu. Kinga yake ni kuandikisha taarifa mapema, kisha kusisitiza asomewe yote kwa lugha anayoielewa, iwe Kiturkana au Kisomali, kabla ya kutia kidole gumba.

Wewe unayejua kalamu huna udhuru. Ukiibiwa au ukishuhudia ajali, andika siku hiyo hiyo: saa, mahali, nambari ya gari, mavazi. Tia tarehe, kisha uhifadhi. Ukifika kortini, mwombe hakimu ruhusa kabla ya kuitazama.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hata haki hupotea hivyo hivyo.