Salmoni na trauti wa Mto Spey

Mto Spey, kaskazini mwa Uskoti, huanzia katika ziwa dogo la milimani na kutiririka kwa takribani kilomita 172 hadi Bahari ya Kaskazini. Bonde lake ni la mashamba, misitu ya misonobari na viwanda vya wiski, na miji yake, kama Grantown-on-Spey na Aberlour, ni midogo. Kila mwaka wageni hufika huko kuvua salmoni na trauti kwa ndoana, na fedha zao ni tegemeo la nyumba nyingi za wageni na maduka ya bondeni.

Salmoni wa Atlantiki huzaliwa mtoni na kunenepea baharini. Jike hufukia mayai yake kwenye changarawe majira ya baridi yanapokaribia. Watoto hukaa mtoni kwa miaka miwili au mitatu, kisha hugeuka rangi ya fedha, miili yao ikaweza kuhimili chumvi, wakashuka baharini. Wengine hufika hadi karibu na Greenland. Baada ya mwaka mmoja au zaidi hurudi kuzaa katika mto uleule, wakiongozwa na harufu ya maji yake. Wakishaingia mtoni hawali tena.

Trauti wa kahawia wana namna mbili za kuishi. Wapo wasiouacha mto maisha yao yote, na wapo wanaokwenda baharini na kurudi wakiwa wakubwa na weupe wa fedha. Hao wa baharini ni waoga, hivyo huvuliwa zaidi usiku, hasa mwezi wa Juni. Trauti wa Uskoti wana ndugu zao Afrika Mashariki: mwaka 1905 mayai kutoka ziwa la Loch Leven, Uskoti, yalipelekwa Kenya, na samaki wake wakawekwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare.

Msimu wa salmoni katika Spey huanza tarehe 11 Februari na kuisha tarehe 30 Septemba. Sheria ya Uskoti inakataza kuvua salmoni siku ya Jumapili. Haki ya kuvua ni mali ya wenye mto, nao huukodisha kwa vipande. Vipande vya mashamba makubwa huwa ghali, lakini mgeni wa kipato cha kawaida anaweza kununua kibali cha siku au cha wiki kutoka kwa vyama vya wavuvi vya miji. Kuvua salmoni bila idhini ya maandishi ni kosa la jinai. Katika vipande vingi mgeni husaidiwa na gili, mfanyakazi anayejua kila kilindi na kila jiwe ambalo samaki hupumzika nyuma yake.

Chambo ni nzi bandia wa manyoya na nyuzi. Kwa kuwa kingo zina miti, mshipi hauwezi kurushwa nyuma bila kunasa matawini. Wavuvi wa Spey wakabuni mrusho wao, ambao sasa unatumika duniani kote. Mvuvi hushika kwa mikono miwili ufito wa zaidi ya mita nne, huvuta mshipi juu ya maji hadi ubavuni mwake, kisha huusukuma mbele kwa nguvu moja. Nzi huangukia ng'ambo na kusogezwa na mkondo kuja ukingoni. Mvuvi hushuka hatua moja au mbili, akarusha tena.

Salmoni wamepungua sana. Mwaka 2023 wale wa Uingereza waliorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka, na miongoni mwa sababu ni bahari na mito kupata joto. Kisheria, salmoni yeyote anayevuliwa kabla ya tarehe 1 Aprili lazima aachiliwe, na kuuza salmoni wa ndoana ni marufuku. Hata baada ya tarehe hiyo, karibu wote huachiliwa. Mvuvi hutumia ndoana isiyo na mwiba na hamtoi samaki majini. Humshika akiwa ameelekea juu ya mkondo mpaka apate nguvu na kuondoka mwenyewe.

Kwa hiyo mgeni hulipia nafasi ya kuvua, si kitoweo. Wenye haki za uvuvi nao hutoza fedha hizo na kuchangia bodi ya uvuvi ya mto, inayozuia ujangili na kutunza mazalia. Samaki anayeachiliwa akiwa mzima ndiye mwenye faida kubwa kwa bonde zima, kwa sababu bado anaweza kuzaa.