Mzee Ojwang na Kicheko cha Nyumbani

Vichekesho vilivyopendwa mno katika runinga ya Kenya vilichotwa katika maisha ya kila siku: ugomvi wa mume na mke, deni lisilolipwa, jirani mbeya, kesi mahakamani. Katika kipindi cha Vitimbi, Benson Wanjau aliigiza Mzee Ojwang, naye Mary Khavere akawa Mama Kayai, mkewe asiyeonewa. Wanjau alikuwa Mkikuyu, ila aliimudu lafudhi ya Kijaluo hata watazamaji wengi wakamdhania Mjaluo. Huo ni ufundi mkubwa, kwani mwigizaji asiye na sikio zuri angeishia kukejeli kabila la watu.

Kipindi kingine, Vioja Mahakamani, kilitegemea zaidi maneno. Mshtakiwa yuko kizimbani, anaulizwa swali la ndiyo au la, naye anaanza kisa kirefu kisichohusu kesi. Akikatizwa, anarudi mwanzo. Aliyewahi kusuluhisha ugomvi wa ndugu anaijua vyema hali hiyo. Kwa vichekesho vya aina hii, babu na mjukuu waliweza kuketi mbele ya runinga moja bila kuoneana haya.

Wanjau alifariki dunia Julai 2015. Vipande vya Vitimbi vingali vinatazamwa, sasa kwenye simu.